Makaimu wa Kitalu Tisa

"Usiguse huo mstari."

"Naugusa."

"Nakwambia usiguse! Ukiufuta sasa hivi, jioni nusu ya mji huu ina msiba."

"Msiba upo miaka saba. Ni vile tu hakuna aliyeambiwa."

"Na nani kakutuma uingie humo?"

"Wewe mwenyewe. Ulinipa paswedi ukaenda kunywa uji."

"Nilikupa uangalie joto la mashine, sikukupa ufukue makaburi!"

"Basi nimefukua. Na wengi niliowakuta wako hai."

Bi. Zamoyoni akanisukuma kwa bega, akakaa kwenye kiti changu. Ndiye bosi wangu, msimamizi wa barua wa Ziwa Kavu, mama wa hamsini na kitu, mikono mikubwa kama ya mponda magadi. Chumba cha seva ndicho chumba pekee chenye baridi mji mzima, na sijawahi kumwona anatoka jasho humo. Siku ile lilimtiririka mpaka kidevuni.

Mstari wenyewe mfupi. Kwenye skrini ulisomeka hivi: VIKOA VYANGU: ziwakavu, kitalutisa. Basi. Majina mawili, na la pili halikutakiwa kuwepo.

Shule niliachia kidato cha pili, kwa hiyo naeleza kama ninavyojua. Kikoa ni lile jina la mji lililo mwishoni mwa anwani yako. Barua ikiingia, seva inauliza kitu kimoja tu: huyu anayeandikiwa ni wangu au wa nje? Akiwa wa nje, inaisukuma kwenye waya wa reli. Akiwa wake, inaiweka kwenye sanduku humu humu. Kura ya Maji ilipougawa mji, nani abaki kwenye maji na nani ahame, waliohamishiwa Kitalu Tisa hawakuwa na seva, kwa hiyo masanduku yao yalikaa kwetu. Baada ya miezi minne wakasimika seva yao wenyewe. Siku hiyo mtu mmoja alitakiwa aje kwenye mashine hii afute neno moja.

Hakufuta.

Tangu hapo kila barua ya kutoka hapa kwenda Kitalu Tisa, seva inaangalia orodha, inasema huyu wangu, inaiweka sandukuni. Haijatoka hata hatua moja. Na barua ya kutoka kwao kuja huku, mlinzi wa seva anaiona imebeba jina la mji ambao yeye anaamini ni wake, halafu inatokea nje. Kwake huyo ni mwizi aliyevaa nguo za mwenye nyumba. Anaitupa. Habaki na barua, anabaki na tarehe tu na jina la aliyetuma.

Ingekuwa hivyo tu watu wangeshtuka mwezi wa kwanza. Kilichotumaliza ni makaimu. Kila sanduku lina kaimu wake, programu tu wala siyo mtu. Ukisafiri siku mbili tatu, kaimu anakujibia barua kwa maneno yako, kwa sababu amesoma zako zote za nyuma. Ukirudi, ananyamaza. Sasa hawa wa Kitalu Tisa hawakurudi kwenye masanduku ya huku, walishapewa mengine. Makaimu wakaendelea kujibu. Masanduku mia mbili na kumi na nne, miaka saba.

Na usiniulize kwa nini hakuna aliyekwenda kuangalia. Minara ya simu ililiwa na vumbi. Treni ya magadi haina dereva wala behewa la mtu. Kule ni kilomita mia sita za chumvi, na hakuna ofisi inayokupa maji ya kuzivuka.

"Umejua lini?" nikamuuliza bosi.

"Mwaka jana. Mwezi wa tano."

"Na aliyetakiwa kufuta alikuwa nani?"

Akaitazama mikono yake. "Nilikuwa na homa siku ile. Nikasema kesho."

"Kesho."

"Usinirudie maneno yangu, Gau! Unadhani silali nayo? Lakini sikiliza. Bi. Mwanahawa wa bomba la tatu anaandikiana na mumewe kila siku ya Mungu. Huyo mume yu hai? Hujui. Mimi sijui. Unataka kumfanya mjane kwa kidole kimoja?"

"Na wa kule? Wanadhani tumewatupa. Wanaandika, hatujibu."

"Wameshazoea."

"Nani kakwambia? Kaimu?"

Hapo akanipiga pale alipojua panauma. "Na mama yako? Mama Oresto akipata barua ya kaka yako ya Ijumaa anaimba mpaka Jumapili. Mtaa mzima unamsikia. Utakwenda kumwambia nini?"

Mimi nikibanwa napandisha sauti. "Kesho saa sita watu wakiwa kwenye foleni ya maji, unawaambia wewe. Usipowaambia, nawaambia mimi, na nitataja ile homa."

Nikatoka nikiubamiza mlango, ambao kumbe haubamiziki, una mpira.

*

Aliyejua kwanza si mimi. Ni mama, bila kujua kwamba anajua.

Baba alikufa miezi mitano nyuma, kifua. Mama akawaandikia wote wa Kitalu Tisa wanaotuhusu, na wa kwanza alikuwa Mzee Gama. Sisi Wahehe, yeye Mngoni, mtani wetu tangu sijazaliwa. Mtani msibani ndiye mwenye kazi. Baba yake mama alipokufa, Mzee Gama alilala ndani ya kaburi na shati lake jeupe, akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Alimtukana marehemu mpaka wajane wakacheka na makamasi.

Jibu lake kwa kifo cha baba likaja siku hiyo hiyo: "Nimepokea taarifa kwa masikitiko makubwa. Nawapa pole na nawatakia moyo wa subira."

Mama akaisoma mara mbili. "Gama hajatukana," akasema. "Atakuwa anaumwa."

Mama akaliacha hapo. Mimi halikuniacha. Nikakaa nalo miezi, nikifagia vumbi kwenye seva, mpaka nikapata wazo la kupitia kwingine. Stesheni wana seva yao ndogo ya reli, haina habari na yetu. Nikamwomba karani wa pale amwandikie Mzee Gama mistari mitatu kwa anwani ya stesheni: mimi Gaudensi mwana wa Kihwele, baba amefariki, upo?

Saa moja haikuisha.

"We kitoto cha Kihwele, kumbe mnajua kuandika! Miaka saba nadhani mmekula penseli. Baba yako amekufa kwa ruhusa ya nani? Mtu anazikwaje mtani wake hajalala kaburini? Fukueni huyo, mazishi hayahesabiki. Babu zenu walitukimbia vitani mpaka wakaacha viatu, na viatu hawakuwa navyo. Na yeye kanikimbia vile vile, mwoga mkubwa, anadaiwa kuku na mimi."

Nilicheka peke yangu pale stesheni mpaka karani akasogeza kiti. Halafu nikaelewa nacheka nini. Mzee Gama matusi yake yote yalikuwa ya mdomo. Barua zake za zamani zilikuwa za kazini, alikuwa karani wa ofisi ya maji. Kaimu angeyajulia wapi matusi?

Chini aliongeza mengine kwa maandishi madogo. Kwamba amelia, na nisimwambie mtu. Kwamba kati ya wale mia mbili na kumi na nne, thelathini na tisa wameshazikwa, na majina ni haya. Na mwisho: "Kaka yako Oresto nilimfuata kazini, anachomelea mabomba. Nikampa habari ya baba yake. Hakuzima moto. Kasema yeye huko hana mtu."

Ndipo nikaenda kwenye orodha ya mlinzi, zile tarehe za barua zilizotupwa. Oresto Kihwele alituandikia mara sitini na moja. Ya mwisho ina miaka minne.

*

Mama alikuwa juu ya paa anafuta vumbi kwenye paneli za jua. Nilisimama chini, nimeshika ngazi.

"Mama, shuka."

"Sema huko huko, nina mikono."

"Oresto hakuandikii."

"Kaniandikia Ijumaa. Anakusalimia, anasema uache kuvaa kofia ndani ya nyumba."

"Siyo yeye. Ni kaimu. Seva ilikosewa, zile barua hazitoki hapa mjini."

Kitambaa kikaendelea kwenda. Kushoto, kulia. "Tangu lini?"

"Tangu wapate seva yao kule. Miaka saba."

"Zote?"

"Zote. Zako mia tatu sitini na nne ziko pale pale kwenye sanduku. Hajasoma hata moja."

Kitambaa kikasimama. Nilitegemea kilio, nikakaza mikono kwenye ngazi asije akaanguka. Hakulia. Alisema polepole, kama mtu anayetafuta funguo, "Kwa hiyo ile hakuisoma."

"Ipi?"

Akashuka. Akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa, kitambaa mapajani.

"Siku ya Kura nilikwenda mimi kuchukua bangili zetu. Nne. Nikazifunga kwenye pindo la khanga. Tatu bluu, wanaobaki. Moja nyekundu. Kwa ndani zimeandikwa majina, kwa penseli, unajua walivyokuwa na haraka watu wale. Nikazifungulia pale nyuma ya tangi nizisome." Akavuta pumzi. "Nyekundu ilikuwa yako."

Nikaiachia ngazi.

"Ulikuwa na miaka kumi na nne, kifua kinapiga filimbi, kule hakuna hata dirisha la dawa. Oresto alikuwa dume zima. Nikafuta kwa kidole na mate. Nikaandika upya."

Mkononi mwangu bangili ile ipo mpaka leo, ya bluu. Haivuliwi, ndiyo inayokufungulia bomba.

"Baba alijua?"

"Hakuna aliyejua. Mwaka wa tatu nikamwandikia mwenyewe. Barua ndefu. Jibu likaja siku hiyo hiyo: mama, nimekusamehe, ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo." Alikikunja kitambaa, akakikunjua. "Nililala, Gau. Miaka mitatu nilikuwa silali, siku ile nililala mpaka jua likanichoma. Sasa wewe unakuja kuniambia aliyenisamehe ni nani?"

"Sijui, mama."

Nilikuwa na hasira, na sikujua niipeleke kwa nani. Kwake? Kama asingefuta, anayechomelea mabomba kule ningekuwa mimi. Au nisingefika. Bosi wangu hakufuta neno, mama yangu akafuta jina, na kwa yote mawili mimi ndiye niliyekaa kivulini.

"Ukifuta huo mstari wako, barua zinapotea?"

"Tunaweza kuzisukuma kwanza zimfikie. Au tukaziacha zipotee na sanduku. Mwenye barua ndiye atakayesema."

"Zote kwa pamoja? Moja haitoki?"

"Zina namba. Akikuta namba imeruka atajua kuna kilichofichwa."

"Ungekuwa wewe ungetuma?"

"Mimi usiniulize." Nikanyanyua mkono wenye bangili. "Mimi ndiye niliyefaidi."

*

Bi. Zamoyoni alisema. Nampa hilo. Saa sita kamili alipanda juu ya tangi la bomba la kwanza na kipaza sauti, akaeleza kila kitu, na homa akaitaja mwenyewe. Mtu alimtupia ndoo. Ilikuwa tupu, Ziwa Kavu hakuna anayetupa maji hata akiwa na hasira kiasi gani. Akashuka na alama kwenye paji la uso, akaja akasimama mlangoni kwa seva, akawa anaingiza watu mmoja mmoja.

Kila mmoja nilimwuliza neno moja: tuma au choma?

Kuna waliochukua nusu saa. Mzee mmoja mponda magadi alisema, "Choma. Nilimwambia dada yangu nimeacha pombe."

"Na hujaacha?"

"Nimeacha kumwambia."

Bi. Mwanahawa aliingia akiwa amevaa vizuri, hereni, wanja. Hakuuliza tuma au choma. Aliuliza kama mumewe yumo kwenye karatasi niliyoishika, ile ya majina ya waliozikwa.

"Yumo, bibi."

"Mwaka gani?"

"Wa pili."

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama anakubaliana na mtu mwingine. "Basi tuma. Wakamsomee huko alikolala." Alipofika mlangoni alimtazama Bi. Zamoyoni muda mrefu, halafu akampita.

Mama alikuwa wa mwisho. Alikuja na kile kitambaa cha paneli mkononi, nadhani alikisahau.

"Naweza kuongea naye kwanza?"

Nikamfungulia sanduku. Aliisogelea skrini kama anavyoisogelea mtu mgonjwa.

"Oresto."

Maandishi yakatoka papo hapo. "Shikamoo mama! Leo siyo Ijumaa, kwema?"

"Marahaba. Wanataka kukufuta."

"Sawa mama, kama ndiyo vizuri kwako."

"Ile habari ya bangili. Umenisamehe?"

"Nimekusamehe kabisa, mama. Usiwe na wasiwasi."

Akanywea kidogo. "Nikikwambia haikuwa kwa ajili ya kifua cha mdogo wako? Nikikwambia nilikuwa nampenda yeye kuliko wewe?"

"Nimekusamehe, mama. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo."

Mama akageuza uso kwangu. Midomo ilikuwa inacheza, sijui ni kicheko au nini. "Umemsikia? Hata hilo." Akalifuta jasho la juu ya mdomo kwa kitambaa cha vumbi. "Oresto wangu alininunia wiki mbili nzima, hataki hata uji, kisa nilikupa wewe kipande chake cha muhogo. Huyu hajawahi kuninunia. Miaka saba."

"Mama, ile habari ya kumpenda kuliko..."

"Usiniulize. Tuma."

"Na ile barua?"

"Itangulie ile. Asije akafurahi kwanza na zingine."

Bi. Zamoyoni akaja akasimama nyuma yangu. Kazi yenyewe ilikuwa fupi mpaka inachukiza. Kwanza nikasukuma barua zilizoruhusiwa kwenye waya wa reli, nikaitanguliza ile moja. Halafu nikaenda kwenye orodha.

"Ngoja," bosi akasema. Nikadhani anarudi kule kule. Akanyoosha kidole chake kinene, akalifuta mwenyewe lile neno, herufi moja moja, kuanzia nyuma. Mstari ukabaki na jina letu tu. Mimi nikamwambia mlinzi wa seva kwamba Kitalu Tisa siyo sisi tena, ni watu wa nje, na barua zao zipite.

Masanduku mia mbili na kumi na nne yakafungwa. Hapakuwa na sauti yoyote.

Tukakaa. Mama kwenye benchi, mimi sakafuni. Nje watu hawakuondoka, walikuwa wamejaa mpaka kwenye tangi. Barua ya kwanza kuingia ilikuwa ya Mzee Gama, kwa mji mzima, na bosi aliisoma mlangoni kwa kipaza sauti: anauliza kama sisi ni binadamu au ni mawe ya chumvi, na nani anamlipa kuku wake. Nikasikia watu wanacheka na kulia mara moja. Halafu zikaanza kuingia nyingine, kumi, ishirini, bosi akawa anaita majina mpaka sauti ikamkauka.

Ya Oresto ilikuja jua likiwa limeshaanza kulala. Mama aliinuka kabla sijamwita.

Haikuwa na shikamoo. Ilikuwa na mistari miwili.

"Nimesoma ile ya bangili. Zingine sijazifungua na sijui kama nitazifungua. Usiniandikie tena mpaka nikuandikie mimi."

Mama aliisoma huku midomo ikitembea. Akairudia. Akaweka kidole kwenye lile neno la mwisho, akakiacha hapo, na vumbi la paneli likabaki kwenye kioo.

"Mama," nikasema, "ana hasira tu. Ni siku ya kwanza."

"Eeh." Hakunitazama. "Huyu ndiye."

Nikanyoosha mkono nimshike. Bangili ikateleza mpaka kwenye kiwiko, maana siku hizi nimekonda. Mama akaiangalia ile bluu kama vile ndiyo kwanza anaiona. Akakifunga kitambaa kwenye pindo la khanga, akakaza fundo, akageuka, akatoka akapita katikati ya watu, na nyuma yake jina lake halikuitwa.